Jinsi ya Kupata Nafasi ya Kujitolea Hospitalini kwa Muuguzi Aliyemaliza Chuo: Mwongozo Kamili

Bahasha za kaki zenye barua za kuomba kujitolea huanza kufika hospitalini wiki chache baada ya matokeo ya mtihani wa leseni. Ukizifungua, nyingi zinafanana: "Husika na mada tajwa hapo juu. Mimi ni kijana wa Kitanzania, mchapakazi, mwenye afya njema na ninayependa sana kazi hii." Nimekuwa inchaji, yaani muuguzi msimamizi, wa wodi ya upasuaji ya wanawake katika hospitali ya rufaa ya mkoa, na kila msimu nilikaa na metroni, yaani muuguzi mfawidhi wa hospitali, kuzipitia. Hapa nataka kukueleza tulichokuwa tunakitafuta. Hamu ya kazi haikuwa kipimo, kwa sababu waombaji wote wanayo. Tulitafuta mtu ambaye tukimwandika kwenye rota (ratiba ya zamu) ya Jumatatu, tutalala usingizi.

Mwongozo huu unamhusu mhitimu wa cheti au stashahada ya uuguzi na ukunga hapa Tanzania, anayesubiri ajira na hataki mikono yake isahau kazi. Mwenye shahada ana mwaka wake wa mafunzo kwa vitendo, ambao una utaratibu wake. Akishaumaliza, mengi ya humu yatamfaa naye. Kama bado hujaingia chuo, nina maneno yako kuelekea mwisho.

Kwa nini nafasi ni chache wakati wauguzi hawatoshi

Swali hili waombaji huniuliza kwa uchungu, na wana haki. Wodi imejaa, sista mmoja wa zamu ya usiku anakimbia kitanda hadi kitanda, halafu mhitimu mwenye leseni anaambiwa hakuna nafasi. Inakuwaje?

Kila anayejitolea anahitaji mtu wa kumsimamia, hasa wiki za mwanzo. Akikosea dozi, anayeitwa kuandika maelezo ni inchaji. Anatumia glovu na vifaa vingine vilivyoagizwa kwa hesabu. Na asipokuja zamu yake bila taarifa, rota nzima inavurugika, kwa sababu hana mkataba unaombana kama mwajiriwa. Kwa hiyo mfawidhi anaposoma barua yako anapima jambo moja: huyu ataipunguzia wodi mzigo, au ataniongezea? Kila kitu utakachofanya, kuanzia nyaraka hadi unavyosalimia, kijibu swali hilo.

Anza na nyaraka, na anza na chanjo

Andaa faili moja lenye cheti cha kidato cha nne, cheti cha chuo na matokeo yake, cheti cha usajili na leseni hai kutoka Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA, wasifu wa kurasa mbili, na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa au kijiji. Nakala zipelekwe kwa wakili zithibitishwe. Vyeti halisi viende nawe siku ya usaili na virudi nawe nyumbani. Usiviache kwenye ofisi yoyote, hata ukiahidiwa kwamba vitatunzwa.

Leseni nimeitaja katikati ya orodha, lakini bila hiyo mengine hayasomwi. Ukiwa umemaliza chuo na bado hujafanya mtihani wa Baraza, subiri.

Chanjo ya homa ya ini B ndiyo inayowaangusha wengi bila wao kujua. Ina dozi tatu: ya kwanza leo, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu mwezi wa sita tangu ile ya kwanza. Maana yake huwezi kuikamilisha ndani ya wiki moja baada ya kupigiwa simu. Kama chuo kilikuchanja, itafute kadi yako. Kama hukuchanjwa, kaanze wiki hii, na kwenye barua uandike umefikia dozi ya ngapi. Mfawidhi akiona mwombaji ameshika kadi ya chanjo mkononi, anajua huyu anafahamu anakokwenda: wodi yenye damu na sindano.

Kuchagua hospitali

Wengi hukimbilia Muhimbili, Bugando, KCMC au hospitali ya kanda Mbeya. Ni hospitali kubwa na kuna mengi ya kujifunza, ila ndiko kila mtu anakopeleka barua. Hospitali ya wilaya, au kituo cha afya kinachofanya upasuaji wa dharura wa uzazi, kitakushikisha kazi zaidi. Leba ya kituo cha afya usiku inaweza kuwa na mkunga mmoja tu, na huko utapokea watoto, utafunga dripu, utaandika na kuandaa rufaa. Katika hospitali kubwa unaweza kumaliza miezi mitatu ukisukuma machela na kupeleka sampuli maabara. Kama ungeniuliza binafsi, ningekupeleka wilayani kwanza.

Jua pia mwenye hospitali, kwa sababu ndiko barua itakakoelekezwa. Hospitali za rufaa za mikoa ziko chini ya Wizara ya Afya, hivyo barua humwendea Mganga Mfawidhi wa hospitali husika. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya ziko chini ya halmashauri, kwa hiyo unamwandikia Mkurugenzi Mtendaji kupitia kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Hospitali za mashirika ya dini zina uongozi wake na mara nyingi hujibu haraka. Usizisahau.

Halafu piga hesabu ya maisha. Sehemu nyingi hakuna posho. Baadhi ya hospitali hutoa kiasi kidogo kutoka mapato ya ndani, lakini usipange bajeti yako kwa kutegemea hilo. Chukua nauli ya kwenda na kurudi, zidisha kwa siku 22, ongeza chakula cha mchana, kisha jiulize nani atalipa kwa miezi sita.

Mimi niliruka hesabu hiyo. Nilipomaliza chuo nilikubaliwa kwenye hospitali kubwa ya mjini, nikiwa ninaishi kwa shangazi pembeni kabisa mwa mji, daladala mbili na mwendo wa miguu juu. Mwezi wa kwanza nilichelewa makabidhiano ya zamu mara tatu. Mara ya tatu nilikuta zamu ya usiku imeshaondoka, na sista wa asubuhi ananisubiri na daftari la ripoti mkononi. Hakunifokea. Aliniambia tu, "Mwanangu, hapa pako mbali na kwenu." Wiki iliyofuata jina langu halikuwepo kwenye rota. Nililia, nikaona nimeonewa. Nilipokuja kupanga rota mwenyewe ndipo nilipomwelewa.

Fika kabla ya kuandika

Barua inayotangulia mtu asiyejulikana hukaa masjala. Nenda kwanza. Usiende asubuhi, maana ni muda wa makabidhiano na raundi za madaktari, na hakuna atakayekusikiliza. Saa nane mchana ni muda mzuri. Vaa nguo ya heshima, kucha fupi, viatu visivyopiga kelele. Msalimie mlinzi wa getini vizuri na umweleze unakwenda kwa nani.

Watu wawili wa kuwatafuta ni katibu wa afya, anayeshughulikia masuala ya watumishi, na muuguzi mfawidhi, yule ambaye wengi bado wanamwita metroni. Maneno yasizidi dakika mbili: "Shikamoo mama. Ninaitwa fulani, ni muuguzi mwenye stashahada na leseni. Ninaomba kujua kama hospitali inapokea wanaojitolea kwa sasa, na barua inaelekezwa kwa nani." Kisha nyamaza, sikiliza. Uliza wodi gani imeelemewa zaidi. Jibu la swali hilo ni mali, kwa sababu litaingia kwenye barua yako.

Akitokea mtu, mtumishi au dalali, akikuambia nafasi ya kujitolea inapatikana kwa kutoa chochote, ondoka. Nafasi hii hailipiwi popote. Simu ya bure ya TAKUKURU ni 113.

Barua yenyewe

Ukurasa mmoja. Anwani yako kulia, anwani ya mkuu wa taasisi kushoto, kichwa cha habari kinachosema jambo: YAH: MAOMBI YA KUJITOLEA KAMA MUUGUZI KWA MIEZI SITA. Ile aya ya "mchapakazi mwenye afya njema" iondoe yote. Weka mambo ambayo mtu wa rota anaweza kuyatumia. Mfano:

"Mimi ni muuguzi mwenye stashahada ya uuguzi na ukunga, mwenye leseni hai ya Baraza (nakala imeambatishwa). Ninaomba kujitolea katika hospitali yako kwa miezi sita kuanzia tarehe 1 ya mwezi ujao. Niko tayari kupangwa zamu zote, ikiwemo usiku, mwisho wa wiki na sikukuu. Ninaishi mwendo wa dakika 20 kwa miguu kutoka hospitalini. Nimekamilisha dozi tatu za chanjo ya homa ya ini B. Wakati wa mafunzo nilifanya kazi wiki nane leba na wiki sita wodi ya watoto. Nimeelezwa kwamba wodi ya watoto ina wagonjwa wengi kwa sasa, na niko tayari kuanzia huko au popote nitakapopangwa."

Kila sentensi hapo inamwondolea mfawidhi swali moja. Na kila sentensi iwe kweli. Ukiandika dakika 20 na unaishi wilaya nyingine, zamu ya pili tu utajulikana.

Wadhamini wawe watu waliokuona ukifanya kazi: mkufunzi wako wa vitendo, au inchaji wa wodi uliyofanyia mafunzo. Waombe ruhusa kabla, maana wanapigiwa simu kweli. Niliwahi kumpigia mdhamini akaniuliza, "Huyo ni nani?"

Unapowasilisha, beba nakala mbili. Moja ibaki masjala, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, urudi nayo. Baada ya wiki mbili, rudi na nakala hiyo yenye muhuri uulizie kwa adabu. Kupiga simu kila siku kunachosha watu.

Usaili: watakuuliza nini

Hospitali zenye waombaji wengi hufanya usaili, wakati mwingine wa mdomo tu, wakati mwingine pamoja na karatasi fupi. Maswali hayana mitego, ila yanamfichua haraka mtu aliyekariri kwa ajili ya mtihani tu.

Hesabu za dawa hazikosekani. Lita moja ya maji ya chumvi, saa 8, seti ya dripu inayotoa matone 20 kwa mililita: matone mangapi kwa dakika? Mililita 1,000 mara 20 ni matone 20,000. Saa 8 ni dakika 480. Ukigawa unapata 41.7, yaani matone 42. Au mtoto wa kilo 12 ameandikiwa paracetamol miligramu 15 kwa kila kilo, na dawa iliyopo ya maji ina miligramu 120 katika mililita 5. Anahitaji miligramu 180, sawa na mililita 7.5. Fanya hesabu kama hizi kila jioni kwa wiki mbili, kwa kalamu, bila simu.

Swali la pili tunalolipenda ni la sindano. Umechomwa na sindano iliyotumika, utafanya nini? Osha hapo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue kidonda. Toa taarifa kwa inchaji papo hapo. Mgonjwa na wewe mpimwe, na kama dawa za kinga ya VVU zinahitajika uzianze mapema iwezekanavyo, zisipite saa 72, na uzimeze kwa siku 28. Mwombaji anayesema "nitamaliza zamu kwanza" ananitia hofu, kwa sababu ndivyo atakavyofanya kweli.

Watauliza pia kuhusu taka: zipi kwenye ndoo nyekundu, zipi ya njano, zipi ya buluu au nyeusi, na kwamba boksi la sindano hufungwa likifika robo tatu. Kunawa mikono kwa sabuni ni sekunde 40 hadi 60, kwa kitakasa mikono ni 20 hadi 30. Kwa leba, ujue oksitosini (dawa ya kuzuia mama kuvuja damu) yuniti 10 kwenye msuli mara baada ya mtoto kuzaliwa, na ile dakika moja ya kumsaidia mtoto asiyepumua.

Halafu linakuja swali la tukio, na hili mimi ndilo nililokuwa nalisikiliza kwa masikio yote mawili. Sista ameenda tieta, yaani chumba cha upasuaji, kupokea mgonjwa, umebaki peke yako. Mama aliyefanyiwa upasuaji asubuhi anasema ana kiu, hatulii kitandani. Unampima: mapigo 128, presha 85 kwa 50, mikono ya baridi. Unafanya nini?

Waombaji wengi huanza kutaja dawa. Jibu tulilolitaka linaanza na sauti: ita msaada, tuma mtu tieta sasa hivi, usimwache mgonjwa. Mlaze chali, fungua shuka uangalie kidonda na pedi kama kuna damu, mpe oksijeni kama ipo, hakikisha njia ya mshipa inafanya kazi, andaa ya pili. Usimpe maji ya kunywa hata akikusihi, maana huenda akarudi tieta. Andika muda na vipimo. Huyo mama anaweza kuwa anavuja damu ndani, na kiu yake ndiyo iliyokuambia kabla ya mashine.

Jibu moja la mwombaji bado ninalikumbuka. Tulimuuliza angefanya nini akiambiwa aweke mpira wa mkojo kwa mwanaume na hajawahi kufanya peke yake. Akasema, "Nitamwambia sista, hili sijawahi kulifanya bila kusimamiwa, naomba usimame nami." Metroni aliweka kalamu chini. Tulimchukua. Mtu anayejua mpaka wa uwezo wake unaweza kumwachia wagonjwa.

Wiki mbili za kwanza

Kukubaliwa kwa barua ni nusu. Hospitali nyingi zinakutazama kwanza, hata kama hawasemi. Fika dakika 15 kabla ya makabidhiano, ukiwa na saa yenye mshale wa sekunde, kalamu ya buluu na nyekundu, na kidaftari kidogo. Jifunze troli ya dharura iko wapi siku ya kwanza. Jifunze majina ya wahudumu wa usafi pia. Wao wanajua kila kinachoendelea wodini.

Nakupa picha moja. Wodi yangu ilipokea wawili siku moja, binti na kijana, wote wamefaulu usaili. Nikawaambia wabadilishe bandeji za wagonjwa wanne. Kijana alikuwa na mikono myepesi, akamaliza mapema. Binti alifika kitanda cha kwanza akavuta pazia, akasema, "Shikamoo bibi, naitwa fulani, nimekuja kukuosha kidonda. Kitauma kidogo, ukitaka nisimame niambie." Alichukua karibu mara mbili ya muda. Jioni, bibi yule aliniuliza kama yule mjukuu wake atakuja na kesho. Kijana nilimfundisha kuvuta pazia, naye alijifunza vizuri. Binti nilimpanga zamu ya usiku wiki iliyofuata.

Siri za wagonjwa ndizo zinazowatoa wengi siku hizi. Picha ya wodini kwenye stetasi ya WhatsApp, hata ukiwa umevaa sare nzuri na mgonjwa anaonekana kwa nyuma tu, inatosha kukuondoa siku hiyo hiyo. Simu ikae mfukoni. Na ukiugua au ukipata msiba, piga simu kabla ya zamu, kwa inchaji mwenyewe. Usimtumie rafiki.

Kama bado hujaingia chuo

Hospitali haitakuruhusu umguse mgonjwa, na ni sawa. Kazi yako ya kwanza ni sifa za kujiunga: kwa stashahada unahitaji ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Kama Fizikia ilikwama, rudia mtihani kabla ya kuhangaika na mengine. Wakati unasubiri, nenda tawi la Chama cha Msalaba Mwekundu lililo karibu nawe. Wanapokea vijana, wanafundisha huduma ya kwanza, na utajua mapema kama unaweza kukaa karibu na damu na mtu anayelia. Kama kwenu kuna mgonjwa wa muda mrefu, kumgeuza, kumwosha na kumlisha ni uuguzi tayari. Muulize nesi wa zahanati akuelekeze namna ya kumkinga na vidonda vya mgandamizo: kumgeuza kila baada ya saa mbili, shuka kavu isiyo na mikunjo.

Ukinyimwa, na ukiondoka

Ukikataliwa, uliza kwa upole ni nini kilipungua. Wengi hawaulizi. Mara nyingine ni chanjo tu, au ni kwamba wodi zilijaa na mwezi wa tatu wengine wanaondoka. Peleka barua sehemu tatu kwa wakati mmoja, mojawapo ikiwa wilayani au hospitali ya dini.

Ukipata na muda wako ukiisha, usiondoke kimyakimya. Wiki mbili kabla, omba barua ya uthibitisho kwenye karatasi yenye nembo ya hospitali, ikiwa na jina lako kama lilivyo kwenye leseni, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, wodi ulizopita, sahihi na muhuri. Angalia herufi za jina moja moja ukiwa bado mbele ya meza ya katibu wa afya, kwa sababu ukishafika nyumbani na kuona wameandika Mwanaid badala ya Mwanaidi, mwenye kusaini anaweza kuwa ameshaenda likizo.